Farasi wa mabaka wawili wanaofanana, mmoja dola 900 mwingine dola 6,500. Hapa kinauzwa nini?

#1 Binti_Singida

Wakuu, salaam.

Naishi kijijini Texas, kaunti ya Erath, mji wetu wa karibu ni Stephenville. Huku mazizi ni mengi kuliko maduka. Binti yangu ana miaka 12, ameingia 4-H, kile chama cha watoto cha kilimo na ufugaji, na tangu hapo nyumbani wimbo ni mmoja tu: mama, farasi wa mabaka. Wenyewe wanamwita Paint.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mnadani. Akaingizwa farasi jike, mabaka ya kahawia na meupe, miaka 9 kwa kauli ya dalali, mpole kama kondoo. Nyundo ikagongwa kwa dola 900. Juzi nikaenda shamba moja maili 30 kutoka kwangu, nikaoneshwa jike wa miaka 8. Mabaka yale yale, kimo kile kile, ukiwasimamisha pamoja utasema mtu na dadake. Bei dola 6,500 na mwenyewe hapunguzi.

Marehemu baba alikuwa mtu wa minada, nimekua nikimwona akipima ng'ombe kwa macho na kwa kiganja. Ng'ombe wawili wanaofanana hawakuwahi kupishana mara saba. Naomba mnieleweshe: tofauti hii ni ya rangi, ya damu au ya makaratasi?

#2 Chalii_wa_Ngarenaro

Mara saba na kitu juu! Nimeweka kigoda, nasubiri wajuzi.

#3 Mkamba_Oklahoma

Makaratasi, dada. Nina trela ya mifugo, huu mwaka wa 11 nabeba farasi kati ya Oklahoma na Texas. Watu wetu wengi wanakosea hapa: Paint ni ukoo. Baba na mama lazima wawe wameandikishwa APHA (chama cha Paint), AQHA (chama cha Quarter Horse, ukoo mwingine wa farasi wa Marekani) au Jockey Club, hao wa farasi wa mbio. Farasi wa mabaka asiye na ukoo huo ni pinto, na pinto ni jina la rangi tu. Hata mtoto wa farasi wa kuvuta mkokoteni anaweza kuwa na mabaka mazuri kuliko ya bingwa.

Huyo wa 900 alitangazwa na cheti? Kama dalali hakutaja namba ya usajili, jibu lako ndilo hilo.

#4 Mzee_Kwato

Mkamba kasema kweli, niongeze ya nyuma kidogo maana bei hiyo ina historia.

AQHA ilipoanzishwa 1940 iliweka sharti: farasi mwenye weupe kupita kiasi haandikishwi. Kwa hiyo Quarter Horse wawili safi wakizaa mtoto mwenye baka tumboni, mtoto anabaki nje ya daftari. Damu ile ile, miguu ile ile, ila hana jina. 1962 mama mmoja wa Gainesville, Texas, Rebecca Lockhart, akaanza kuwaandikisha hao waliokataliwa. 1965 chama chake kikaungana na kingine, ikawa APHA, na makao yake yako Fort Worth, si mbali na hapo ulipo Binti. AQHA wenyewe waliliondoa sharti la weupe mwaka 2004.

Mfano mmoja unanigusa kila nikiukumbuka. Colonels Smoking Gun, aliyeitwa Gunner, alizaliwa 1993. Weupe ulimfungia mlango wa Quarter Horse, akaandikishwa Paint. Isitoshe alikuwa kiziwi. Akawa nyota wa reining, ule mchezo wa kukimbiza farasi, kumzungusha na kumsimamisha ghafla, na watoto wake wameshinda mamilioni ya dola. Damu iliyoachwa mlangoni kwa sababu ya ngozi.

Na kinyume chake kipo pia. Paint wawili wakizaa mtoto asiye na baka hata moja, chama kinamwandika kwenye orodha yake, Solid Paint-Bred, na bei yake kwa kawaida hushuka. Kwa hiyo Mkamba, ukoo ndiyo, lakini rangi haijatoka sokoni.

#5 Dalali_Meserani

Mimi nauza ng'ombe Meserani, farasi sijawahi kuuza. Ila mnada ni mnada. Hapo kwenye #1 neno moja limenishtua: "mpole kama kondoo". Watu wanapiga kelele, kipaza sauti kinavuma, wanyama wageni kila upande, naye amesimama tu kama yuko kwao? Mnyama mzima mnadani anasimamisha masikio. Dada, huyo alikuwa amepewa dawa, na waliomjua waliacha bei ifie 900.

#6 Mkamba_Oklahoma

@Dalali_Meserani hapo usihukumu haraka. Wapo farasi waliokwenda minada ishirini, kelele hawazisikii tena. Nimewabeba.

#7 Mzee_Kwato

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Dawa zinazotumika kudanganya ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya maumivu, phenylbutazone, huku mashambani wanaiita "bute". Farasi anayechechemea akipewa, kesho yake anatembea vizuri. Ya pili ni ya kutuliza, na inayojulikana zaidi ni acepromazine. Kichwa kinashuka, mdomo wa chini unalegea, na kwa dume uume unaning'inia usirudi. Jike hana dalili hiyo ya mwisho, ndiyo maana ni vigumu zaidi kumtambua.

Kinga yake ni damu. Daktari akija kumkagua kabla hujanunua, mwambie achukue damu aihifadhi. Farasi akibadilika baada ya wiki, damu ipo, inapimwa. Muuzaji mkweli hatakataa.

#8 BintMaskati

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja, naishi Rustaq. Huku kwetu farasi ni Mwarabu, na nasaba yake inahifadhiwa kama nasaba ya watu. Farasi wa mabaka makubwa ya aina ya tobiano hamumpati katika Waarabu safi, akitokea basi kuna damu nyengine imeingia. Kwa hivyo kwa mzee wangu mabaka yalikuwa ni sababu ya kukataa, na huko Texas ni sababu ya kulipa zaidi. Thamani iko kwa watu wa mahali.

Mukija kwenye ardha, yale maonesho ya farasi na ngamia, mutaona wanaume wanasimama juu ya migongo farasi wakenda mbio, wameshikana mikono. UNESCO waliiandikisha 2018. Farasi wa kazi hiyo hauliziwi rangi, huulizwa moyo.

#9 Chalii_wa_Ngarenaro

Samahani, tobiano ndiyo nini? Msituache nyuma, wengine tunajua punda na pikipiki.

#10 Nasaba_na_Mbegu

Nasomea ufugaji Ujerumani, nitajaribu kwa lugha nyepesi.

Tobiano: weupe unavuka mgongo, miguu kwa kawaida ni meupe, kichwa kinabaki cheusi au cha kahawia. Ni kama mtu kamwagiwa maziwa kutoka juu. Overo wa aina ya fremu: weupe unakaa ubavuni na hauvuki mgongo, miguu mara nyingi ya rangi, uso mweupe mpana na jicho la bluu si ajabu. Akichanganya yote wanamwita tovero.

Sasa hapo kwenye fremu kuna jambo zito. Farasi mwenye nakala moja ya kinasaba hicho ni mzima kabisa. Ila dume mwenye nakala moja akipanda jike mwenye nakala moja, kwa kila mimba kuna uwezekano wa robo kwamba mtoto atapata nakala mbili. Huyo huzaliwa mweupe karibu wote, anasimama, ananyonya, na utumbo wake hauna mishipa ya fahamu ya kusukuma chakula. Tumbo linamsokota na hafiki mbali, ni saa au siku chache. Hana tiba. Wafugaji wengi humwita daktari amuue bila maumivu asiteseke.

Na kinasaba hicho hujificha. Unaweza kuwa na tobiano ambaye kwa macho huoni fremu, kumbe anayo. Kipimo ni nywele chache za singa au mkia zenye mizizi, zinapelekwa maabara, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Kwa hiyo maelezo yangu ni tofauti na ya wote waliotangulia: huenda huyo wa 6,500 ana majibu ya vinasaba mezani, na mwenzake hana. Jike wa kuzalisha asiyepimwa ni bahati nasibu.

#11 Binti_Singida

Mmenifumbua macho, asanteni. Niongeze nilichokiona.

Wa mnadani: uso wote mweupe, jicho moja la bluu, pua ya pinki yenye magamba magamba. Weupe haukuvuka mgongo. Cheti hakikutajwa. Wa shambani: kichwa cha kahawia, miguu minne meupe, weupe umekatiza mgongoni. Nilipoandika kwamba ni mtu na dadake sikujua naangalia nini.

#12 Mzee_Kwato

Magamba kwenye pua ya pinki ni jua, Binti. Chini ya nywele nyeupe za Paint ngozi haina rangi, na jua la Texas halimwonei huruma. Ngozi ya pinki kuzunguka jicho ni mbaya zaidi, inaweza kupata saratani. Wafugaji makini huwavalisha kitambaa cha uso na kuwapaka mafuta ya kuzuia jua puani. Hilo peke yake halishushi bei hadi 900, lakini linaonesha mwenyewe hakuwa akimtunza.

#13 Mkulima_Nyasi

Mnaongea vinasaba na mimi naona kalenda. Mnada ulikuwa lini? Jumamosi iliyopita, Oktoba. Nafanya kazi shamba la nyasi huku Kansas. Farasi wa kilo 450 anakula kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Kila vuli watu wanahesabu marobota ghalani, wanaona hayatafika machipuko, wanapeleka farasi mnadani. Ukame ukiongezeka ndiyo usiseme. Texas 2011 nyasi zilikosekana hadi watu wakaacha farasi barabarani. Mlete huyo huyo wa 900 mwezi wa nne, majani yameota na watoto wanakaribia kufunga shule, uone.

#14 Mkamba_Oklahoma

Hiyo ya nyasi nakubali nusu. Nusu nyingine ni machinjio. Mpaka 2007 Marekani ilikuwa na machinjio matatu ya farasi, mawili Texas na moja Illinois. Yalifungwa mwaka huo. Zamani farasi mbovu alikuwa na bei ya chini isiyoshuka, bei ya nyama. Sasa wanaokwenda nyama wanasafirishwa Meksiko na Kanada, na gharama ya safari inatolewa kwenye bei ya mnyama. Ndiyo maana chini kumeporomoka na juu kumebaki palepale. Ripoti ya 2011 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilisema bei ya farasi wa daraja la chini na la kati ilishuka kwa asilimia 8 hadi 21 kwa sababu hiyo.

#15 Nasaba_na_Mbegu

@Mkamba_Oklahoma ripoti hiyo hiyo inataja pia mdororo wa uchumi wa wakati ule. Usiipe machinjio mzigo wote.

#16 Mkamba_Oklahoma

Sikuupa wote. Nimesema nusu, soma tena.

#17 Mlamu_wa_Mkomani

Niwatoe huko kidogo. Kwetu Lamu punda ndiye gari, mchanga na matofali yote mgongoni mwake. Punda akienda telki vizuri, bei ni yake. Babangu akitaka kununua punda hakumwangalia punda kwanza. Alimwangalia mwenye punda akimkaribia. Punda akigeuza masikio nyuma na kusogea, babangu akarudi nyumbani. Hakuuliza umri wala rangi. Kwa hivyo Binti, huyo wa 6,500, mwenyewe akimkaribia alifanyaje?

#18 Chalii_wa_Ngarenaro

Swali la Mlamu zuri. Na mimi nina langu la pembeni: kwa nini sisi Tanzania hatuna farasi vijijini? Mbuga tunazo, nyasi tunazo, wachungaji tunao.

#19 Dalali_Meserani

Mbung'o. Ndorobo, ugonjwa anaoueneza, inaua farasi kuliko ng'ombe.

#20 Mzee_Kwato

Mbung'o ni sehemu tu, kuna nyanda za juu zisizo na mbung'o na farasi hawapo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na visubi, na pundamilia wanaubeba bila kuugua. Farasi asiyechanjwa akiupata, mapafu yanajaa maji, wengi hufa. Lakini Lesotho farasi wapo milimani mpaka wamekuwa sehemu ya maisha.

#21 BintMaskati

Na Unguja ya masultani farasi walikuwepo, wakiletwa kwa majahazi kutoka Arabuni. Walikuwa wa jumba, hawakuwa wa mkulima. Mkulima alikuwa na punda wake na akimtosha. Mimi nadhani sababu ni kazi: farasi hakupata kazi kwetu.

#22 Mama_Lexington

Hilo la Tanzania mlifungulie uzi wake jamani, Binti ana pesa mkononi na mtoto anamsubiri. Mimi yamenikuta, nisikilizeni.

Miaka minne nyuma nilimnunulia mwanangu Paint mnadani, Kentucky. Mpole, mzuri, dola 1,400. Siku ya nne nyumbani akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Siku ya sita akawa hataki kuguswa, akamrusha mwanangu chini. Mkono ulivunjika. Daktari alipopiga picha ukwato, mfupa mdogo wa ndani ulikuwa umekwisha. Alikuwa na ugonjwa huo muda mrefu na waliomleta walijua. Nilipopiga simu nikaambiwa mnadani mnyama huuzwa alivyo. Nilimhudumia miaka miwili mpaka akashindwa kusimama. Sikumchukia yule farasi hata siku moja. Alikuwa na maumivu na sisi tulimpandia juu.

Kwa mtoto wa kwanza kupanda, nunua dume lililohasiwa, miaka 12 hadi 15, limeshabeba watoto wengine. Hata likiwa kahawia tupu.

#23 Binti_Singida

Mama Lexington, pole sana, wewe na mwanao. Nimeisoma nikiwa zamu ya usiku na ikabidi nisimame kidogo.

@Mlamu jike wa shambani alipomwona mwenyewe alikuja mwenyewe getini. Masikio mbele.

#24 Dalali_Meserani

Basi rudi kwake, ila usipige simu. Nenda asubuhi, bila taarifa. Ukimkuta ameshafungwa tandiko na kifua kina jasho, ujue wamemchosha kwanza ili awe mtulivu mbele yako. Mwenyewe ndiye ampande wa kwanza. Akikataa kumpanda farasi wake, na wewe usimpandishe mwanao. Na umri usisikie kwa mdomo, fungua mdomo.

#25 Mzee_Kwato

Kwenye meno: kuna mfereji unaoonekana kwenye jino la juu la pembeni. Huanza kujitokeza kwenye fizi karibu na miaka 10, hufika katikati ya jino karibu na 15, na mwisho wake karibu na 20. Ukiambiwa miaka 8 na mfereji umefika nusu, huenda umedanganywa miaka saba. Haufanani kwa kila farasi, lakini tofauti ya kiasi hicho ni ya kutiliwa shaka.

Na usisahau kipimo cha Coggins, kile cha upungufu wa damu wa kuambukiza. Ugonjwa huo huku hauna chanjo wala tiba, farasi aliyeupata huuawa au hutengwa maisha yake yote. Bila karatasi hiyo usimwingize kwenye zizi lenye wenzake.

#26 Binti_Singida

Marejesho. Nimekwenda leo saa moja asubuhi bila simu. Nimemkuta malishoni, miguu ina tope, hana tandiko. Mwenyewe kamshika, kampanda, mchakamchaka, shoti, akamsimamisha. Kisha mwanangu akapanda, mwenyewe akishika kamba. Daktari wa mifugo niliyemlipa mimi kakunja kila mguu sekunde kadhaa na kumkimbiza papo hapo, hakuchechemea. Damu kachukua. Mfereji wa jino haujatokea. Coggins ipo, cheti cha APHA kipo.

Ila nilipoomba karatasi ya vinasaba, ni tobiano kama nilivyoona, na ana nakala moja ya fremu. Mwenyewe kanionesha bila kuficha. Nimwache?

#27 Nasaba_na_Mbegu

Ndilo nililosema kwenye #10, haonekani kwa macho. Yeye ni mzima. Ukija kumzalisha, dume lazima awe amepimwa na asiwe na fremu. Basi.

#28 Dalali_Meserani

Hiyo ni dola 1,000 ya kupunguza hapo hapo. Usilipe 6,500 kwa jike mwenye masharti ya uzazi.

#29 Mkamba_Oklahoma

Huku wengi wanaotafuta mabaka ya kuvutia macho wanaitaka fremu, mkuu. Muuzaji akimpunguzia Binti ni kwa sababu ya mwanawe.

#30 Mama_Lexington

Mimi bado nasema dume lililohasiwa.

#31 Binti_Singida

Amekubali 5,900 na mwezi mmoja wa kumrudisha kama mwanangu hatapatana naye, kwa maandishi. Majibu ya damu Ijumaa. Mwanangu ameshampa jina, Mtama, kwa ile rangi ya kahawia.

#32 Mzee_Kwato

Jina zuri. Ijumaa usitoe hundi kabla muuzaji hajasaini fomu ya kuhamisha umiliki, na jina lake lilingane na lililo kwenye cheti. Nimeona watu wakikaa na farasi miaka mitatu huku kwa chama bado ni wa mtu mwingine.

#33 Chalii_wa_Ngarenaro

Tuwekee picha ya Mtama akifika. Na Mzee, ule uzi wa mbung'o nimeufungua, njoo.